Shajara ya ujenzi wa nyumba ya vyumba 3, Tororo: kivuli kwanza, waya baadaye

Wiki ya 1. Kiwanja na njia ya jua

Kiwanja kina mita 22 upande wa barabara na mita 32 kwenda ndani. Barabara iko magharibi, na shida inaanzia hapo. Nyumba karibu zote za mtaa huu zimeelekeza uso barabarani, kwa hiyo madirisha makubwa ya sebule yanapigwa na jua la jioni, lile la chini ambalo upenu hauwezi kulizuia. Sisi tumeilaza nyumba: urefu wa mita 15 kutoka mashariki hadi magharibi, upana mita 7.2, madirisha yote makubwa kaskazini na kusini. Barabara itaona baraza na ukuta mfupi.

Tororo, mji wa mashariki mwa Uganda, haufiki digrii 1 kaskazini mwa Ikweta. Jua linapita upande wa kaskazini wa nyumba mwezi Juni na upande wa kusini Desemba, na saa ya utosi, yaani likiwa juu kabisa, haliinami zaidi ya digrii 24 hivi kutoka wima. Ndiyo maana kuta ndefu za kaskazini na kusini zinalindwa kwa penu za kawaida. Hesabu ya dirisha la kimo cha mita 1.5 ni hii: upenu wa sm 65 unalifunika lote saa ya utosi tu, sm 92 unalifunika kuanzia saa 3 kabla ya utosi hadi saa 3 baada yake, ukitaka saa 4 kila upande, unahitaji sm 130. Tumechagua mita 1.

Wengi hukosea saa yenyewe. Saa zetu zinafuata digrii 45 za longitudo, Tororo iko kwenye 34 na kidogo, kwa hiyo utosi wa kweli hapa ni kama saa 6:43 mchana. Nao hauganduki hapo: mwanzoni mwa Novemba huja karibu saa 6:27, katikati ya Februari karibu saa 6:57. Anayepima kivuli saa 6 kamili anapima jua ambalo bado linapanda, na upenu wake utakosea upande wa alasiri, wakati ambapo joto ndilo kali zaidi.

Upande wa magharibi hesabu ni nyingine. Saa 4 baada ya utosi, Machi au Septemba, jua liko digrii 30 juu ya upeo. Kufunika dirisha la mita 1.5 hapo kunadai upenu wa mita 2.6. Huo si upenu tena, ni baraza, na baraza ndiyo tumeichora: mita 2.6 kamili. Nyuma yake tumepanga stoo na bafu, si chumba cha kulala. Ukuta wa udongo ulioachwa juani magharibi hupokea joto jioni na kulitoa ndani saa kadhaa baadaye, yaani wakati watu wamelala.

Michoro imepelekwa kwa kamati ya ujenzi ya manispaa, kama Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inavyotaka. Kugeuza nyumba baada ya kibali ni kuanza upya, kwa hiyo jua lipimwe kabla ya muhuri.

Wiki ya 2 na ya 3. Udongo

Tunajenga kwa tofali za udongo na saruji zinazofungamana, zilizoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa bila moto. Uganda ina historia nayo nzuri: Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere ndiye aliyeendeleza tofali hizi, pamoja na zile za mpindo zinazojenga matangi ya maji. Kwa nyumba ya huku, hapa ndipo uokoaji mkubwa wa nishati unapopatikana. Umeme wa gridi ya Uganda kwa sehemu kubwa unatoka kwenye maji ya Nile, kutoka Nalubaale ya 1954 hadi Karuma iliyozinduliwa 2024. Nishati chafu ya nyumba ya kawaida iko kwenye kuni za tanuru la matofali na kwenye gunia la makaa jikoni. Tofali ya kuchoma ya mtaani tena haina umbo sawa, na mwashi analazimika kujaza saruji ya sm 2 hadi 3 kati ya mistari. Kuni zimeungua, na saruji imeliwa juu yake.

Kipimo cha udongo ni sanduku la mbao la ndani sm 60 × 4 × 4. Tumelipaka mafuta, tukachimba kuanzia nusu mita chini ili kuepuka udongo wenye mizizi, tukachekecha kwa wavu wa mm 5, tukalowesha hadi ukawa laini kama ugali mwepesi, tukajaza na kugongagonga ili hewa itoke. Siku 3 juani. Kisha unausukuma mche huo wa udongo uliokauka upande mmoja na kupima pengo lililobaki.

Shimo la karibu na geti lilitoa pengo la mm 41. Huo ni mfinyanzi mwingi. Tofali zake zingedai saruji zaidi na zingeweza kupasuka zikikauka. Tukachanganya ndoo 1 ya mchanga kwa ndoo 4 za udongo, tukarudia, tukapata mm 22. Pengo la kati ya mm 15 na 30 linaruhusu saruji 1 kwa udongo 16. Likiwa kati ya 30 na 45, ni 1 kwa 14. Chini ya 15, 1 kwa 18. Siku hizo za kungoja zimetupunguzia saruji ya nyumba nzima, na bado nashangaa ni maeneo mangapi ya ujenzi yanaruka kipimo hiki na kukisia.

Wiki ya 4 hadi ya 7. Tofali 6,600

Ukubwa wa tofali ni mm 265 × 140 × 100. Ukuta wa mita 1 ya mraba unakula 38. Tuna mita za mraba 165 za ukuta baada ya kuondoa milango na madirisha, jumla 6,270, tukaongeza asilimia 5 ya kuvunjika.

Vipimo vya mchanganyiko havifanywi kwa koleo, maana koleo la asubuhi si la jioni. Tumetengeneza sanduku la sm 33 × 33 × 32, ambalo ni lita 35, karibu sawa na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Masanduku 16 ya udongo, mfuko 1. Tofali moja inameza kama lita 6 za mchanganyiko mlegevu kabla ya kushindiliwa, kwa hiyo mfuko unatoa tofali 95 hadi 100. Nyumba yote ni mifuko 69, mbali na msingi, mkanda na sakafu.

Maji ndiyo yanayoharibu kazi. Finyanga tonge la mchanganyiko, liachie kutoka kimo cha kifua lianguke kwenye ardhi ngumu. Likivunjika vipande 4 hadi 6, endelea. Likibaki donge moja lililobonyea, limelowa mno: tofali itanata kwenye mashine na kuvimba pembeni. Likisambaa kama unga, ni kavu: kingo zitamomonyoka kabla tofali haijafika kwenye rundo. Jua la Januari linakausha rundo haraka, kwa hiyo tonge linaangushwa kwa kila mchanganyiko, si mara moja kwa siku. Mchanganyiko wenyewe umalizwe ndani ya nusu saa; ukizidi hapo saruji imeshaanza kushika, na kuuongezea maji ni kuiua.

Kosa letu la wiki ya 5: kimo. Kijana wa kujaza mashine alibadilishwa mchana, mpya akajaza zaidi kidogo, na tofali za alasiri zikatoka na mm 103 badala ya 100. Inaonekana ndogo, lakini mstari wa tofali zinazofungamana hauna saruji nene ya kuficha tofauti. Mistari 28 yenye mm 3 kila mmoja ni sm 8.4. Tofali 210 tumezitenga kwa ajili ya sakafu ya baraza. Sasa kipande cha chuma chenye pengo la mm 101 kimefungwa kwenye mashine, na kila tofali ya 10 inapitishwa hapo.

Kukausha: kivulini, chini ya karatasi ya nailoni, kunyunyiziwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7, safu zisizozidi 5. Baada ya hapo ziachwe hadi siku 28. Watu 5 wanatoa kama tofali 400 kwa siku.

Wiki ya 8 hadi ya 12. Msingi, kuta, mkanda

Msingi ni wa mawe, na ukuta wa tofali unaanza sm 30 juu ya ardhi kwa sababu maji ya mvua yakidunda chini hula mistari ya kwanza ya udongo. Juu ya mawe kuna nailoni nzito ya kuzuia unyevu, na chini ya sakafu dawa ya mchwa. Mchwa wa huku hupanda hata ndani ya matundu ya tofali, kwa hiyo matundu ya mstari wa kwanza yamejazwa zege.

Mstari wa kwanza umechukua siku 2 peke yake. Umelazwa kwenye saruji, kwa uzi na pima maji, kila kona ikakaguliwa kwa timazi. Mistari iliyofuata ilikwenda mbio kwa uji mwembamba wa udongo uliochekechwa na saruji. Nje hatupigi plasta. Tofali nzuri zinajitosheleza chini ya upenu wa mita 1.

Mkanda wa zege juu ya madirisha una nondo 4 za mm 12 na ringi za mm 8 kila sm 20. Waya za kushikilia kenchi zimezikwa humo tangu zege lilipokuwa bichi, maana dhoruba za Tororo hazisamehe paa lililopigiliwa misumari tu.

Wiki ya 13 na ya 14. Paa

Ningepewa nafasi ya kusema neno moja tu juu ya nyumba ya Ikweta, ningesema paa. Jua la utosi linapiga paa kuliko ukuta wowote, na bati likishapata moto linamimina joto hilo kwa aliyeko chini, hata kama hewa ya chumba ni ya kawaida.

Wasanifu waliopata tuzo kubwa kwa majengo ya joto wamefanya kazi hiyohiyo kwa bati hilihili la kawaida. Francis Kéré alipata Tuzo ya Aga Khan 2004 kwa shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso: paa la bati limeinuliwa kwa vyuma juu ya dari ya tofali za udongo, na upepo unapita katikati. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo duniani. Glenn Murcutt wa Australia, Pritzker ya 2002, alijenga 1994 nyumba ya Marika-Alderton kaskazini mwa nchi hiyo bila kioo hata kimoja: penu pana, na kuta za paneli zinazofunguka upande mzima. Tumechukua wazo, si umbo. Pengo lililo wazi la Gando lingeingiza hapa mvua inayopigwa na upepo kutoka pembeni, na nyumba isiyofungika mtaani kwetu ni mwaliko kwa mwizi na mbu.

Paa letu lina mwinamo wa digrii 15. Bati ni geji 28. Geji 30 ni nyembamba, inabonyea chini ya mguu wa fundi na misumari inalegea mapema. Rangi ilileta mjadala mrefu. Kijivu cha makaa ndicho kinachotakiwa sasa kila mahali, nacho hufyonza sehemu kubwa ya jua linalokipiga. Tuliweka vipande viwili juani kwa nusu saa, kijivu na krimu, tukamwomba mwenye nyumba apitishe mkono chini ya kila kimoja bila kugusa. Akachagua krimu. Bati tupu lisilo na rangi si jibu: linarudisha mwanga vizuri likiwa jipya, ila halitoi joto lake kirahisi, na likishika kutu limekwisha.

Chini ya papi, mbao zinazobeba bati, tumetandika karatasi ya alumini. Hapa palitokea kosa ambalo nimeliona kwenye paa nyingi: mafundi walianza kuitandika juu ya papi, kisha bati likakaa juu yake moja kwa moja. Uso unaong'aa ukigusana na bati moto hauzuii chochote, unapitisha joto tu. Kinga yake inatokana na uso unaong'aa kutazama hewa. Tumefungua mistari 2 ya bati, tukaishusha chini ya papi za sm 5, uso unaong'aa ukitazama chini, ambako vumbi haliwezi kutua. Pengo la hewa lisipungue sm 2.5. Na waya za umeme zisipite karibu nayo: pini ya stepla ikitoboa waya juu ya alumini, karatasi yote inakuwa na umeme.

Hewa ya moto inatoka kwenye matundu ya kuta za pembe tatu, mashariki na magharibi, na ya baridi inaingia chini ya penu. Yote yana wavu wa matundu ya mm 1.2. Mbu wa malaria hupendelea kuingia kwa pengo la penu, kwa hiyo wavu huo si pambo. Na kwa kuwa unapunguza upepo, tumeongeza eneo la matundu.

Dari ni mikeka ya mafunjo iliyoloweshwa maji ya boraksi na kukaushwa, dhidi ya wadudu na moto. Jikoni tumeweka bodi, si mafunjo.

Wiki ya 15. Madirisha

Madirisha ya alumini ya kuteleza yamekataliwa. Yanafunguka nusu tu. Umelipia dirisha la mita 1.5 ukapata upepo wa sm 75. Tumeweka ya chuma ya bawaba, yanayofunguka yote, na juu ya kila mlango wa ndani luva, ili upepo uvuke kutoka kusini hadi kaskazini hata milango ikiwa imefungwa usiku.

Wiki ya 16. Maji na radi

Paa kwa ramani ni mita za mraba 167. Mvua ya mm 10 inaleta lita 1,670. Toa asilimia 15 ya upotevu, zinabaki kama 1,420. Maji ya kwanza yana vumbi na kinyesi cha ndege, na yanafaa kumwagwa kwa kiasi cha nusu lita kwa kila mita ya mraba, hapa lita 84. Mafundi huweka bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 1 na kuliita kichujio. Bomba hilo linabeba lita 8. Ungehitaji mita 10. Sisi tumeweka pipa la lita 100 lenye tundu la mm 3 chini, linalojimwaga lenyewe kati ya mvua na mvua.

Tororo inajulikana kwa ngurumo, kwa hiyo paa lote limeunganishwa kwa waya wa shaba na kushushwa ardhini kona 2 zinazokabiliana. Kipimo cha kwanza cha upinzani kilikuwa om 23. Baada ya kuongeza fimbo 2 za shaba kwa umbali wa mita 3 kimeshuka hadi 8. Tunataka chini ya 10.

Wiki ya 17 na ya 18. Umeme na jiko

Sasa tu ndipo waya zinaingia. Mahitaji ya siku: friji, taa, simu, redio, televisheni na pampu ndogo, jumla uniti (kilowati-saa) 4. Kwa jua la uniti 5 hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku na upotevu wa robo, paneli za kilowati 1.1 zinatosha, tumeweka 3 za wati 450 na betri ya lithiamu ya uniti 5. Mwelekeo karibu na Ikweta haubadilishi mengi, ila paneli zisilazwe bapa. Mwinamo wa paa wa digrii 15 unaruhusu mvua kuziosha. Upande wa paneli na upande wa gridi vyote vina kinga ya radi.

Maji ya kuoga yanapashwa na jua, tangi la lita 200. Kulipasha kutoka digrii 22 hadi 50 kwa umeme kungekula uniti 6.5, zaidi ya mahitaji mengine yote ya nyumba. Sehemu ya chini ya tangi iko sm 30 juu ya ncha ya paneli yake, na bomba la moto linapanda mfululizo. Fundi aliliinamisha kidogo chini kabla ya kiungo, hewa ikanasa, na maji yakabaki vuguvugu kwa siku 2 hadi tulipoligundua kwa mkono: paneli inaunguza, bomba baridi.

Jikoni kuna soketi 2 zenye laini yao kutoka kwenye mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, kwa ajili ya sufuria ya umeme ya presha. Maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa karibu nusu uniti. Katika mfumo wa bei wa ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme Uganda, kuna daraja la kupikia, kati ya uniti 81 na 150 kwa mwezi, lililo nafuu kuliko la chini yake. Anayepika kwa umeme hana budi kulijua. Jiko la kuni limebaki kwa matoke ya wageni wengi na kwa siku umeme ukikatika, lakini lina bomba la moshi la mm 150 lililopita kofia ya paa kwa sm 60.

Kilichobaki

Vipimo vya EDGE, cheti cha kimataifa cha majengo yanayookoa nishati na maji, tumevianza. Vinadai uokoaji wa angalau asilimia 20 kwenye nishati, maji na vifaa vya ujenzi. Kwenye vifaa hatuna wasiwasi, tofali na dari zimetubeba. Kwenye maji bado tunangoja mabomba ya kuogea ya lita 6 kwa dakika. Yaliyoletwa yalikuwa ya 12 na yamerudishwa dukani.

Vipima joto 3 vimetundikwa leo: kimoja chini ya bati, kimoja juu ya dari, kimoja chumba cha kulala cha mashariki. Vitasomwa saa 7 mchana na saa 4 usiku kila siku hadi mwisho wa Juni, jua likiwa kaskazini kabisa. Upenu wa upande huo ukionekana mfupi, mbao za kuuongeza sm 30 zimeshakatwa na ziko stoo.